Triangle Strategy: wahakiki waliisifu na kuilaumu kwa jambo lile lile

#1 ChumviNaChuma

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka mjadala wa gemu za mbinu kutoka Japani, Triangle Strategy hutajwa kwa mambo mawili tu, "hadithi tamu" na "maongezi mengi", kisha watu wanahamia gemu nyingine. Nafungua uzi huu tuyapitie mapokezi yake taratibu, maana naona gemu hii haijatendewa haki. Tahadhari kabla ya yote: humu hadithi inafichuliwa mpaka mwisho.

Imetengenezwa na Artdink pamoja na Square Enix, chini ya kundi la Tomoya Asano lililotupa Octopath Traveler mwaka 2018. Ilitoka kwenye Nintendo Switch tarehe 4 Machi 2022, ikafika kwenye kompyuta Oktoba mwaka huo huo. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, waliipa toleo la Switch alama 83 kati ya 100. Mwezi ule ule wa Machi ilitangazwa kuwa nakala 800,000 zimeshatoka duniani, na kabla mwaka haujaisha ikafika milioni moja. Kwa gemu ya mbinu yenye ulimwengu na wahusika wapya kabisa, hayo ni mafanikio makubwa.

Sasa soma rivyu zenyewe. Karibu kila mhakiki anasifu siasa ya Norzelia, bara la kubuni la gemu hii, na karibu kila mhakiki huyo huyo analalamika kwamba saa za mwanzo zinajikokota. Mimi nasema hayo ni jambo moja lililotazamwa saa mbili tofauti. Aesfrost wana chuma. Hyzante wameshika chumvi yote. Glenbrook wako katikati na mto wa biashara. Miaka 30 kabla ya hadithi kuanza, mataifa hayo yalipigana Vita vya Chumvi na Chuma. Wewe ni Serenoa Wolffort, bwana mdogo anayerithi nyumba ya baba yake na kuozwa Frederica wa Aesfrost ili amani ipate mizizi. Ukifika sura ya 7 unaulizwa: umtoe kwa adui rafiki yako Roland, mwana wa mfalme, au uiache ngome yako ivamiwe? Swali hilo lisingekuwa na uzito wowote bila zile saa za mwanzo kukufundisha nani anamdai nani na kwa nini.

Lakini sisemi malalamiko ni ya uongo. Kosa naliona kwenye ugawaji. Katika sura tatu za kwanza mapigano ni machache, na hadithi imekatwa vipande vidogo kwenye ramani: unagusa alama, unatazama dakika chache, unarudishwa kwenye ramani, unagusa nyingine. Kila ukirudishwa, mvutano unakatika. Mazungumzo yale yale yangeunganishwa, wengi wasingeona urefu wake.

#2 Miraba_Nane

Mkuu ChumviNaChuma, naomba nitofautiane kidogo. Wingi nao ni kosa. Habari moja unaisikia mara tatu: kwanza barazani, pili kwenye onyesho la pembeni ambapo adui anaieleza upande wake, tatu Benedict, mshauri wa Serenoa, anapoifafanulia meza nzima kabla ya kura ya kuamua njia. Mara ya pili ina faida, kwa sababu unaona adui anajua nini. Ya tatu ni marudio tu, na mhakiki aliyeikata alama kwa hilo alikuwa na haki.

Halafu kuna sauti. Lawama kubwa ya pili kwenye rivyu za Kiingereza ilikuwa uigizaji, hasa Serenoa mwenyewe, anayeongea kwa sauti iliyotulia mno hata nyumba inapoungua. Dawa ipo kwenye mipangilio: weka sauti za Kijapani, maandishi yabaki kwa lugha unayoisoma. Kifaransa kipo, kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana sababu ya kuhangaika na Kiingereza cha kibaraza. Kile Kiingereza ni kizito kwa makusudi, kimejaa maneno ya mahakama na urithi.

#3 MzeeWaZamu

Mnasahau demo, kile kipande cha majaribio, na mapokezi ya gemu hii hayaeleweki bila demo.

Februari 2021 ilipotangazwa, jina likiwa bado "Project Triangle Strategy", waliachia demo siku hiyo hiyo. Demo ile ilianza sura ya 6 na ya 7, katikati kabisa ya vita. Watu wakatupiwa majina ishirini bila utangulizi, lakini pia wakapewa kura na pambano zito. Square Enix wakakusanya maoni kwa dodoso, na toleo kamili likaja na viwango vya ugumu vya kuchagua, kamera iliyoboreshwa na muda mfupi wa kusubiri.

Demo ya pili, Februari 2022, ilikuwa sura tatu za mwanzo, na ulichocheza kiliendelea kwenye gemu kamili. Hiyo ndiyo iliyobandika lile neno "inajikokota". Aliyegusa demo ya kwanza tu alisema gemu ni ngumu na imejaa majina, na wa demo ya pili akasema haina mapigano. Wote wawili walikuwa wanasema kweli juu ya kipande walichokishika. Rivyu za Machi zikazikuta hoja hizo zimeshatangulia.

#4 Kidato_cha_Radi

Swali kwa wanaojua. Hizi kura ni za kweli au ni pambo? Kuna rivyu zinasema "maamuzi yako yana uzito", nyingine zinasema "mchezaji ananyang'anywa uamuzi". Zote haziwezi kuwa sahihi.

#5 BintiMizani

Zote ni sahihi, Kidato. Ngoja nieleze Mizani, yaani mfumo wa kura wa gemu hii, inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wahakiki wengi walipita juu juu.

Wapiga kura ni saba: Benedict, Roland, Frederica, Geela, Anna, Erador na Hughette. Serenoa hapigi kura. Anashawishi tu. Saba haigawanyiki sawa, kwa hiyo lazima upande mmoja ushinde, hata kwa 4 dhidi ya 3, na ukishindwa unafuata njia usiyoitaka. Ndiyo maana mmoja aliandika "nimenyang'anywa". Gemu inakuambia wewe ni bwana wa nyumba yenye watu wenye akili zao, na uamuzi ukienda kinyume chako lazima uubebe.

Chini yake kuna tabia tatu zinazohesabiwa kimyakimya: Uadilifu, Manufaa na Uhuru. Majibu yako katika maongezi ya kawaida na unayoyafanya vitani huzijaza. Katika mzunguko wa kwanza, yaani unapoicheza gemu mara ya kwanza, huonyeshwi hesabu hata kidogo. Tabia hizo ndizo zinazoamua nani atashawishika na hoja yako, na pia wahusika gani wa ziada watakuja kuomba kujiunga na jeshi lako.

Kura unaiandaa hivi:

Kwanza, kabla ya kura huwa kuna kipindi cha kutembea mtaani au ngomeni. Ongea na kila mtu na ukague kila kinachong'aa. Habari fulani hufungua jibu jipya wakati wa kushawishi, na jibu hilo mara nyingi ndilo linalomgeuza mtu aliyekaza.

Pili, hifadhi kwenye nafasi tofauti kabla hujaanza kushawishi. Usifute ya zamani.

Tatu, angalia nani tayari yuko upande wako na umwache. Anza na wasioamua, kisha mwende yule wa upande wa pili ambaye hoja yake inaelekea kwenye kile ulichokijenga.

Nne, mjibu mtu kwa anachokijali yeye. Benedict hutaka faida ya nyumba ya Wolffort. Frederica hutaka kujua nani ataumia. Kosa la kawaida ni kuwapa wote saba hoja moja kwa sababu ilimgeuza wa kwanza.

Ukikwama kwa mtu mmoja hata ukijibu vipi, basi tabia inayohitajika huna ya kutosha. Usipoteze muda kumrudia. Tafuta kura kwa mwingine.

Mzunguko wa pili unaonyesha kila jibu linajaza tabia ipi, na ulichojenga hakipotei. Hapo Mizani inageuka chombo unachokimudu. Mhakiki aliyemaliza mara moja tu na kupeleka rivyu siku ya kwanza waliporuhusiwa kuchapisha hakuwahi kukifikia, na hilo linaonekana kwenye maandishi yake.

#6 Kidato_cha_Radi

Nimekuelewa dada, asante. Hilo la mzunguko wa kwanza kufichwa nilidhani ni hitilafu ya nakala.

#7 PaaLaWolffort

Niongezee upande wa mapigano, kwa sababu yalisifiwa karibu na wote lakini kwa maneno ya jumla kama "yana kina". Kina gani?

Zamu hazigawanywi kwa timu. Kila mhusika ana kasi yake, na foleni ya zamu inaonekana chini ya skrini, zako na za adui zikiwa zimechanganyika. Kila zamu inakuongezea pointi moja ya ustadi, na ustadi mkubwa hula pointi mbili au tatu. Kwa hiyo kuna zamu ambayo jambo la akili ni kupiga kawaida na kuweka akiba. Ukipiga kutoka juu, pigo linaongezeka. Ukipiga mgongoni, pigo ni la hatari, yaani zito kupita kawaida, kila mara, bila bahati nasibu. Mwenzako akiwa upande wa pili wa adui, na wewe ukampiga, naye anaongeza pigo la bure. Barafu ikichomwa inakuwa maji, na maji yakipigwa radi umeme unawapata wote waliosimama humo, wako wakiwemo. Majani yakishika moto, moto unasambaa.

Kila mhusika ana kazi moja na silaha moja. Huwezi kumgeuza mponyaji kuwa mpanda farasi. Baadhi ya rivyu zilihesabu hilo kama upungufu zikilinganisha na Final Fantasy Tactics ya 1997, yenye kubadilisha kazi. Mimi naliona kama nguvu yake kuu. Anna anatenda mara mbili kwa zamu moja. Jens anajenga ngazi, na ngazi moja mahali pazuri inageuza ramani nzima. Medina anaponya kwa dawa za mfukoni badala ya uchawi. Wahusika wako karibu thelathini na hakuna wawili wanaofanana, jambo ambalo gemu ya kubadilisha kazi hailiwezi, kwa kuwa huko mwishoni kila mtu anakuwa kila kitu.

Pambano la sura ya 7 dhidi ya Avlora, jenerali wa Aesfrost, endapo umekataa kumtoa Roland, ndilo lililogawanya wahakiki kuhusu ugumu. Gemu inakupa mitego ya moto: ukiiwasha inateketeza adui pamoja na nyumba za wananchi wako. Usipoiwasha, unapigana kwa mikono. Wengi waliofeli walifeli kwa kosa moja, la kuteremka kukutana na adui barabarani. Ukiteremka unazungukwa, na mapigo ya mgongoni yanakumaliza ndani ya zamu mbili.

Fanya hivi. Mweke Erador mahali pembamba, awachokoze adui ili wamfuate yeye. Geela akae miraba miwili nyuma yake, si kando, asije akaguswa na mikuki. Hughette na wapiga mishale wengine wapande paa. Benedict ampe Erador ulinzi kabla mapigo ya kwanza hayajafika, maana akingoja mpaka Erador aumie, Geela anazidiwa. Frederica achome pale adui wanapojikusanya mbele ya Erador. Anna azunguke na kumaliza wapiga mishale na waponyaji wa adui. Avlora mwenyewe usimkimbilie. Mwache aje amechelewa, mumkute mmebaki wengi na mna akiba ya pointi, kisha mmbane mbele na nyuma.

Ukishindwa, uzoefu uliopata haupotei, hivyo jaribio la pili unaanza ukiwa na levo juu kidogo. Na mtu akianguka vitani hafi moja kwa moja, anarudi pambano lijalo. Ukiona rivyu inasema gemu hii "inaadhibu", jua mwandishi hakuliona hilo au alicheza kiwango cha juu. Viko vinne, na unaweza kubadilisha wakati wowote.

#8 Miraba_Nane

PaaLaWolffort, nakubali yote isipokuwa kipengele cha kazi moja. Uhaba wa vifaa unakibana. Chuma, mbao, mawe na nyuzi za kuboreshea silaha ni vichache katika mzunguko wa kwanza, na nishani za kupandisha cheo nazo hazitoshi mapema. Matokeo yake unao wahusika wengi wa kipekee lakini unawalisha wale wale kumi. Wahakiki waliosema "nusu ya kikosi sikuigusa" walikuwa wanaeleza tatizo hili bila kulijua jina.

#9 PaaLaWolffort

Hapo sawa. Kinachosaidia ni jinsi uzoefu unavyotolewa: mhusika aliye levo chache chini ya adui anapata uzoefu mwingi kwa kila tendo, hata kuponya au kutupa dawa. Peleka wawili wa akiba kwenye pambano la mazoezi kambini, wacha watende kila zamu, na kabla pambano halijaisha watakuwa wamekaribia wenzao. Vifaa viweke kwa watu sita au saba tu mpaka sura ya 10 hivi. Ukivigawa kwa wote, huna hata mmoja mwenye silaha ya maana.

#10 ChumviNaChuma

Nirudi kwenye ulinganisho, kwa sababu alama hazisomwi peke yake.

Fire Emblem: Three Houses ya Julai 2019 ilipata 89 Metacritic. Nayo ina hadithi ndefu, njia nne, na lawama yake kubwa ilikuwa marudio: maisha ya shuleni kila mwezi, na nusu ya kwanza inayofanana kwa kila nyumba. Fire Emblem Engage ya Januari 2023 ikageuza meza. Mapigano yakasifiwa kuliko ya kaka yake, hadithi ikaonekana nyepesi, alama zikaishia 80. Triangle Strategy imekaa kati ya hizo mbili kwa namba, ingawa kwa tabia ni jamaa wa karibu zaidi wa Tactics Ogre ya 1995 ya Yasumi Matsuno, ambako pia unaulizwa swali chafu la siasa na jibu lako linakupeleka kwenye sura nyingine kabisa.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Three Houses inakupa wanafunzi wa kuwapenda kabla ya kukupa vita. Triangle Strategy inakupa bei ya chumvi kwanza. Kuwapenda wanafunzi ni rahisi, na mhakiki mwenye wiki moja ya kucheza anafika haraka. Kujali nani anamiliki ziwa la chumvi kunahitaji subira. Ila ukishajua watu wa jamii ya Waroselle wanafanyishwa kazi gani kwenye Chanzo, yaani ziwa hilo la chumvi kule Hyzante, na kwamba mama wa Frederica alitoka kwao, ile bei ya chumvi haikutoki tena.

#11 MzeeWaZamu

Muziki msiupite. Akira Senju ndiye aliyetunga, mtu wa okestra aliyezoea kuandikia filamu na televisheni. Wahakiki waliusifu karibu kwa sauti moja, na sababu inasikika: pambano la kawaida halipigiwi ngoma za ushindi, linapigiwa kitu chenye huzuni ndani yake.

#12 BintiMizani

Nije kwenye miisho, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki kwa dhati.

Sura ya 17 inawavunja marafiki. Roland anataka kuikabidhi Glenbrook kwa Hyzante, akiamini wananchi watashiba hata kama wapo wanaoteswa. Benedict anataka kushirikiana na Aesfrost na kumpandisha Serenoa kwenye kiti cha ufalme. Frederica anataka kuwakomboa Waroselle na kuondoka nao, vita viendelee nyuma yao. Ukimfuata mmoja, mwingine anakuacha. Kila njia ina mtu wa kulipa, na gemu inakuonyesha uso wake. Kwa maoni yangu, hakuna kitu bora zaidi kilichoandikwa kwenye gemu hii.

Kisha kuna njia ya nne, ambayo watu wanaiita ya dhahabu. Inataka maamuzi fulani tangu mapema, yakiwemo kutomtoa Roland sura ya 7 na kutowasha ile mitego ya moto. Ukiipata, wote watatu wanabaki na jeshi linagawanyika vikosi vitatu, kila kimoja na pambano lake. Aliyelisha watu kumi tu, kama alivyosema Miraba_Nane, hapa anakwama vibaya sana, na hawezi kurudi nyuma kirahisi. Kama unaielekea, anza sura ya 14 au 15 kuinua watu wa akiba, na hakikisha kila kikosi kina mponyaji mmoja na mtu wa kusimama mbele.

Wengi waliiona njia hiyo kama "mwisho wa kweli" na kuusifu. Mimi naona unaipunguza sura ya 17. Baada ya saa nyingi za kufundishwa kwamba chumvi ya mmoja ni jasho la mwingine, inageuka kwamba ukichagua vizuri hakuna anayepoteza.

#13 PaaLaWolffort

Dada, hilo nalikataa kabisa. Njia ya dhahabu hupewi bure. Unailipia sura ya 7 kwa kupigana bila moto, tena wakati hujui kama kuna malipo mbele. Aliyezilinda nyumba za watu wake akiwa hana uhakika wa chochote, anastahili kuwaona Roland, Benedict na Frederica meza moja.

#14 BintiMizani

Anayeipata bila kuongozwa, sawa, nakubaliana nawe. Ila wengi wanaifikia wakiwa na orodha ya maamuzi mkononi, na hapo ile giza ya sura ya 7 unayoisifu haipo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa Kidato na yeyote anayeanza leo: mzunguko wa kwanza usisome mwongozo wowote wa maamuzi. Piga kura, shindwa, fuata ulikopelekwa. Chagua mmoja kati ya watatu sura ya 17 na umalize naye. Ya dhahabu iache mzunguko wa pili, ukiwa na tabia zilizojaa na watu wa kutosha vikosi vitatu.

#15 Kidato_cha_Radi

Nimepokea. Naanza na sauti za Kijapani, kiwango cha kawaida, na nafasi tatu za kuhifadhi. Moja la mwisho: yale maonyesho ya pembeni kwenye ramani, niyatazame yote au niruke?

#16 ChumviNaChuma

Tazama yanayohusu Aesfrost na Hyzante, hasa kabla ya sura ya 7, kwa sababu yanakuonyesha adui wanavyopanga na utazitumia habari hizo kupima hoja za Benedict. Ukichoka, ruka maongezi ya kambini kwanza, kisha cheza pambano moja la mazoezi kabla ya kurudi kwenye hadithi. Mchanganyo huo ndio ambao sura tatu za kwanza hazikukupa, kwa hiyo ujitengenezee mwenyewe.